Pikipiki ya Baba Inayozimika Njiani

Nyumbani,
Jumatano mchana.

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, wifi na wanangu wote watatu. Mguu wa wifi unaendeleaje? Mwambie asione haya kutembelea gongo, mfupa hauharakishwi. Sisi huku tunapumua. Mgongo unanisumbua kwa kuinamia cherehani, maana shule zinakaribia kufunguliwa na kila mama anataka sare ya mwanawe iwe tayari jana. Baba anakula, analala, analalamika. Kwa hiyo ujue yu hai.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu huwa unaniuliza jambo moja tu, pikipiki imepona? Nami hujibu haijapona, basi mtandao unakatika. Leo nataka unisikilize mpaka mwisho bila kunikatiza.

Pikipiki ile unaijua. Baba aliitumia kuzungukia nyumba za watu miaka ishirini na miwili akisoma mita za maji, na alipostaafu ofisi ikamwachia. Tangu mama atutoke, nadhani ndiyo anayoongea nayo kuliko sisi. Sasa, miezi miwili iliyopita ikaanza vituko. Inaondoka nyumbani vizuri, inakwenda kama robo saa, inakohoa, inazimika. Baba anapiga kiki mpaka shati linaloa. Haiitiki. Anatikisa tangi, anasikia petroli inacheza ndani. Anakaa kwenye kivuli cha ukuta wa mtu nusu saa, anapiga kiki moja, inawaka. Inakwenda tena, inazimika tena.

Alianza na plagi, ikabadilishwa. Akasema ni mpira wa mafuta, ukabadilishwa. Kisha fundi wetu, Kipara, akafungua kabureta na kuiosha mpaka ikang'aa kama kijiko cha wageni. Ajabu ni kwamba ikifikishwa gereji, fundi akifungua tangi kuchungulia mafuta, akafunga na kupiga kiki, inaitika mara moja, kama mgonjwa anayepona akiona sindano. Wewe ukasema ni koili, ikipata joto inakufa, ukatuma mpya. Kipara akaifunga. Siku ya tatu pikipiki ikazimika katikati ya mlima.

Hapo ndipo Baba alipomwambia Kipara kwamba ameificha koili mpya na kufunga ya mtu mwingine. Alimwambia mbele ya wateja, kwa sauti. Jioni ile nawe ukampigia simu ukamwongezea yako. Kipara, kaka, aliyelibeba jeneza la mama mabega yake yakachubuka! Nilikuwepo Baba alipokuwa akimfokea. Kipara alifuta mikono kwa kitambaa, akasema tu, "Mzee, nimekusikia." Tangu siku hiyo nikipita pale naona viti vya wateja vitupu. Maneno hayana miguu lakini hufika kila nyumba.

Jumatatu ya wiki iliyopita Baba aliisukuma kutoka sokoni mpaka nyumbani, jua la saa saba. Nilimkuta langoni ameegemea kiti cha pikipiki, midomo imemkauka. Nikampa maji, kikombe kikamshinda, nikamshikia. Alipopata pumzi akaniambia, "Mwanangu, labda si pikipiki. Labda ni mimi niliyeishiwa akili." Kisha akakusanya spana zake zote, akazifunga kwenye shuka kuukuu, akaniagiza nimpe mtu yeyote anayezitaka. Nilimwona Baba akimzika mkewe. Sikuwahi kumwona vile.

Kesho yake Kipara akaja mwenyewe, bila kuitwa. Akamwomba Baba ampe ufunguo aiendeshe mpaka imzimikie yeye, maana mgonjwa huulizwa pale pale panapouma. Baba akampa bila kumtazama. Ikamzimikia ng'ambo ya daraja. Hakugusa plagi wala koili. Alifungua kifuniko cha tangi, na tangi likavuta pumzi, fyuu, kama mtu aliyetoka kuzama. Akafunga, akapiga kiki, ikawaka. Akajua hapo hapo. Petroli haishuki kama hewa haiingii nyuma yake, na hewa huingia kwa kitundu kidogo kwenye kifuniko. Akakigeuza kifuniko, akakichokoa kitundu kwa waya.

Hakwenda kwa Baba. Alikuja chumbani kwangu ninakoshonea, akaweka juu ya kitambaa changu kitonge cheupe alichokitoa kwenye kitundu kile, hakizidi punje ya mchele. Akasema kwa upole, "Dada, sabuni haipandi kwenye tangi yenyewe."

Kaka, sabuni ile niliiweka mimi.

Unakumbuka tangi lilipotoboka tukiwa wadogo, Baba akaliziba kwa sabuni ya kufulia, akatufundisha kwamba petroli haiyeyushi sabuni? Elimu yake ndiyo niliyomgeuzia. Kila nilipoona imelegea nilikuwa naiongeza asubuhi, akiwa anaoga.

Sikufanya kwa ubaya. Siku moja alinipakia kwenda kuchukua vitambaa. Tulipofika karibu na shule, mtoto wa kike alikuwa anavuka kutokea kushoto. Nilimwona tangu mbali. Nikangoja Baba apunguze mwendo. Hakupunguza. Nikapiga kelele, yule mtoto akajirusha mtaroni na begi lake. Kioo cha pikipiki kilipita hapo kichwa chake kilipokuwa. Nilipogeuka nikamwona anainuka, anajipangusa sketi. Marinda ya sketi ile niliyapiga pasi kwa mkono wangu. Na Baba, kaka, akaniuliza kwa nini napiga kelele, nimeona nyoka? Hakumwona. Mpaka tunafika alikuwa akinisimulia habari za mvua.

Wiki ile ile nikaikuta karatasi ya daktari wa macho chini ya godoro lake. Presha ya macho. Anachoona ni cha mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Imeandikwa wazi asiendeshe chombo chochote. Nilimgusia mara mbili. Akanijibu kwamba macho yaliyosoma mita gizani miaka ishirini na miwili hayafundishwi kuona na msichana wa sindano. Nikakosa nguvu ya kugombana naye. Nimechoka, kaka. Nikachagua njia ya wanyonge, na mzigo akaubeba Kipara.

Kipara aliniambia hatanitaja. Alichotaka ni kimoja, jina lake litoke kinywani mwa Baba. Nilikaa na neno hilo siku mbili, nikashona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja. Alhamisi asubuhi nikamwambia Baba yote: mtoto, karatasi, sabuni.

Nilitegemea anipige au alie. Aliniuliza kama yule mtoto aliumia. Nikasema hapana. Akauliza alitokea upande gani. Nikasema kushoto. Basi akanyoosha mkono wake wa kushoto pembeni, akatazama mbele, akawa anauleta mkono taratibu, anachezesha vidole, anauleta, anauleta. Ulikuwa umekaribia kufika mbele ya pua ndipo akasema, "Sasa nauona." Akaushusha. Nje muuza maziwa akapiga hodi, akaondoka bila kujibiwa.

Mchana alitembea kwa miguu hadi gereji. Nilimfuata kwa mbali. Kulikuwa na wateja wawili, akawaomba wamsikilize, akasema mbele yao kwamba alimsingizia fundi mwaminifu, na kosa limetoka nyumbani kwake. Hakusema ni la nani. Kipara akamvutia kiti.

Kwa hiyo, kaka, Kipara mpigie leo, umwombe radhi kwa sauti ile ile uliyomtukania. Nami unisamehe ukiweza.

Jambo la pili ni zito zaidi. Baba hasemi nami ila salamu. Kila asubuhi anaitoa pikipiki uani, anapiga kiki, inaitika mara ya kwanza. Anaipanda, miguu chini, anaiacha iungurume robo saa, ishirini, nusu saa. Haizimiki. Anaizima mwenyewe, anatia ufunguo mfukoni. Nakaa na cherehani nikisikiliza, na kila siku nangoja kusikia gia ikiingia. Ufunguo sitamwomba, sina tena uso wa kumwomba kitu. Wewe ndiye mkubwa, na neno lako analisikia. Usitume kifaa, wala usimpigie Baba simu. Njoo.

Nisalimie wifi, mwambie gauni lake liko tayari, limebaki vifungo. Wabusu wanangu. Kipara hakuniagiza salamu zako, lakini nakuletea hivyo hivyo. Baba hajui ninaandika.

Ni mimi mdogo wako mwenye masikio uani,

Chiriku