Mawe Kumi na Mawili

4 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia.

Yale mawe uliyonikatia tumeyaopoa juzi, baada ya miezi minane chini ya bahari. Sielewi. Vitabu vyote vinasema viumbe hupenda jiwe la chokaa: ni laini, lina vitundu, chaza hushika na minyoo hutoboa. Sita yangu ya chokaa yametoka matupu, hata mwani hakuna. Sita ya granaiti, magumu yale, yamejaa chaza mpaka pembeni. Profesa kafurahi, anasema huu ni ugunduzi, niusome mbele ya watu mwezi ujao. Ndiyo shahada yenyewe hiyo. Lakini roho haitulii. Chokaa uliitoa wapi?

Binti yako

15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ndio huu huu, uzee hauna dawa. Chokaa ni ya machimbo yetu ya siku zote, ondoa shaka. Tena niliipaka dawa ya kuzuia maji, ile ninayopaka mawe ya makaburi, mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka. Haionekani. Nilijua bahari itaila, nikasema kazi ya mwanangu isiliwe. Fundi hapeleki jiwe bichi kwa wasomi. Hongera sana.

Baba

22 Februari

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne na hasira sijui niiweke wapi. Nilitaka iliwe, baba. Kuliwa huko ndiko nilikokuwa napima. Nilikuandikia kabisa: mawe yaje kama yalivyotoka machimboni. Hukuuliza. Huulizi kamwe. Mwaka wangu umekwenda na maji kwa ajili ya kopo la dawa.

Binti yako

10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimekosa, sikatai. Miaka arobaini najidai nayajua mawe. Lakini nisikilize: nani anajua? Mimi na wewe tu. Soma karatasi yako, chukua shahada. Siri hii nitazikwa nayo.

Baba

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mgongo je?

Nilisimama mbele ya watu nikaitaja dawa, na mikono mitatu, na aliyepaka. Walicheka. Profesa hakucheka. Kanipa miezi minane mingine, na kasema ndiyo ya mwisho.

Bado nimekukasirikia, usidhani yamekwisha. Jumamosi nakuja machimboni. Nitakata mwenyewe, wewe utakaa kwenye kiti, mikono mapajani, unionyeshe pa kupiga.

Binti yako