Orodha ya Jumatano ya Mama Idella

Njia ya Posta Na. 2, Sanduku 118,
Hadley Springs, Alabama.
1 Novemba 1991

Mpendwa Shangazi Lorraine,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Natumaini baridi ya Oakland haijaanza kulichokoza. Sisi tupo. Presha ya Mama imeshuka kidogo, ingawa bado anaficha chumvi nyuma ya kopo la unga akidhani sijui. Viazi vitamu tumeshavichimba, vitamu kweli mwaka huu.

Barua yako ya hasira imefika. Umeuliza swali moja tu, ukalipigia mstari mara mbili: kwa nini Dwight amekiri kosa ambalo hakulifanya? Mama alishindwa kukujibu. Dwight mwenyewe hajaiona, nimemficha. Kazi imebaki kwangu, na nimechoka, Shangazi, kwa hiyo nivumilie.

Unajua kwamba jioni ile duka lilipoporwa, kaka yangu Dwight alikuwa akipaka rangi ukumbi wa kanisa letu na wanaume wengine sita. Wote sita walikuwa tayari kuapa. Miezi kumi aliyokaa jela akisubiri kesi, nilimwambia kila Jumapili avumilie, kwamba wananchi kumi na wawili wakiwasikia watu sita, atarudi nyumbani. Mimi nafundisha uraia, Shangazi. Somo la jopo la mahakama, wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi, nalifundisha kila Februari, na nililiamini.

Siku ya kuchagua jopo waliitwa watu arobaini. Weusi walikuwa kumi na mmoja, katika kaunti ambayo sisi ni nusu. Mwendesha mashtaka aliwaondoa mmoja mmoja, kwa adabu, kila mtu na sababu yake. Kinyozi aliondolewa kwa kuwa hakumtazama usoni. Mwalimu mmoja aliondolewa kwa kuwa alimtazama mno. Kufikia saa nane mchana alibaki mmoja tu, Mama Idella Pruitt, mpishi mstaafu wa shule, anayesali kanisa la upande wa pili wa kaunti. Hakuwa akitujua, wala sisi hatukuwa tukimjua. Nilimtazama kama mtu anavyotazama mlango ulioachwa wazi kidogo.

Mwendesha mashtaka akauliza kama kuna mwenye ndugu au rafiki aliyewahi kufungwa. Watu wa benchi zima wakakagua viatu vyao. Mama Idella akasimama, akaweka sawa kofia yake ya Jumapili, akatoa karatasi mkobani. Kanisani kwake kila Jumatano husomwa majina ya walio jela ili waombewe, na msomaji ni yeye. Ameulizwa, basi akasoma.

Jina la tisa, jaji akasema, "Idella, inatosha."

"Bado, Mheshimiwa. Sijageuza upande wa pili."

Watu wakacheka, hata askari wa mlangoni. Yule kinyozi, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, akanong'ona, "Leo atatusomea kaunti nzima huyu."

Kisha akasoma, "Randall Lyle," na akamgeukia mzungu aliyekaa kando yake. "Kijana wako, Bwana Lyle. Yuko chumba kimoja na mjukuu wangu. Tunamwombea tangu Machi. Kile kifua kimepona?"

Bwana Lyle aligeuka mwekundu mpaka masikioni. "Hajambo," alisema, kwa sauti ndogo.

Mama Idella aliondolewa. Sababu: ana wafungwa wengi mno maishani mwake. Bwana Lyle alisema hakuwa ameelewa swali, jaji akasema mtu hupitiwa, na Bwana Lyle akabaki. Wakili wetu alipinga. Jaji alijibu kwamba pingamizi limeandikwa, kisha akaagiza maji ya kunywa. Jopo likatimia, wazungu kumi na wawili.

Kesho yake asubuhi upande wa mashtaka wakaja na neno lao. Dwight akikiri, anatoka siku hiyohiyo, kifungo cha nje miaka mitano. Akikataa na akishindwa, miaka ishirini. Walimpa dakika arobaini. Wakili aliwatazama wale kumi na wawili, akavua miwani.

Dwight akanigeukia. "Haya, mwalimu. Wewe ndiye uliyesoma. Ungefanyaje?"

Nilikuwa na kurasa nzima kichwani, Shangazi. Nilichosema ni, "Nataka uje nyumbani."

Hilo ndilo jibu la swali lako. Hasira zako nitumie mimi, yeye mwache.

Jaji alimwuliza kama anakiri kwa hiari yake, bila kutishwa na mtu. Bila ndiyo, hatoki. Alisema, "Ndiyo, Mheshimiwa," kwa sauti ileile ya Baba akisimamishwa na polisi barabarani. Naamini unaikumbuka.

Sasa yuko nyumbani. Analala mlango wazi. Gereji alikokuwa akifanya kazi imemwambia asubiri, na sisi tunajua maana ya asubiri. Kura hatapiga, maana sheria sasa inamhesabu mhalifu. Tikiti ya basi uliyomtumia aje kwako ipo ndani ya Biblia ya Mama, maana haruhusiwi kutoka nje ya jimbo bila kibali. Na Februari inakuja. Sijui nitasimamaje mbele ya wale watoto.

Juzi Jumatano aliniomba nimpeleke kanisani kwa Mama Idella, akamshukuru. Nilidhani ni hilo tu. Tulikaa benchi la nyuma. Walipomaliza kusoma majina, Dwight akasimama, kofia mkononi, akaomba na lake liandikwe.

"Lakini wewe umeshatoka, mwanangu," Mama Idella akamwambia. "Hii ni ya walio ndani."

"Ndiyo, Mama," alisema. "Andika tu."

Mama Idella akatafuta penseli.

Ukimwandikia, usimwulize kwa nini alikiri. Mwulize kuhusu viazi, alivichimba yeye.

Msalimie binamu Marva na wanawe, na Bibi Hattie wa ghorofa ya juu. Mama anakusalimu sana. Mungu akupe usingizi mzuri na miguu isiyouma.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata ukiwa umekasirika,

Leontine