Kaseti ya Mwendo wa Kobe

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na zikikuishia uniombe nyingine, maana ninazo za kutosha. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na hizo lifti unazozitengeneza huko zinapanda na kushuka bila kukutia presha. Wifi yangu hajambo? Na wanangu wawili bado wanagombania kukaa dirishani? Huku hatujambo. Mama akijua anatazamwa anatembea bila fimbo, na akidhani hatazamwi anaifuata ilipo.

Mimi nami ni mzima. Kazi ya kushona mapazia inaendelea, na kwaya pia inaendelea, ingawa mwalimu bado ananisimamisha nyuma pamoja na wanaume wa besi, na wageni bado wanageuka kumtafuta mzee anayenguruma huko nyuma. Nimeshazoea, wacheke tu.

Sasa kaa chini, Kaka. Najua ulikataza jina la bendi yenu, Mlango wa Chuma, lisitajwe nyumbani kwako, na wifi aliniambia kwamba hata redio ikipiga gitaa unaizima. Miaka yote hii nimekuheshimu nikanyamaza. Lakini bendi yenu imerudi na imemaliza albamu mpya, na hili nikilinyamazia nitapasuka.

Ninavyojua mimi, wewe uliondoka ukiamini kwamba uliiua bendi. Ulikuwa umekaa chumbani kwetu siku nzima unanakili kaseti za ile albamu ya kwanza, sauti umeizima kabisa, kwa sababu Mama alisema metali yenu ya kiama, muziki wa magitaa mazito, inamuumiza kichwa. Hukusikia kwamba upande wa mashine unaochezesha kaseti mama, ile ya asili, ulikuwa umechoka, mpira wake umelegea, unazunguka kivivu. Kaseti zote zikatoka polepole na nzito. Kengele, mwimbaji wenu aliyepewa jina hilo kwa wembamba wa sauti yake, akajisikia dukani kaseti zilikouzwa ananguruma kama mtu aliyezikwa akasahauliwa. Mkarudi kwenye kaseti mama, kumbe mashine ile ile ilikuwa imeshaitafuna. Nakumbuka kelele za siku ile, na nakumbuka ulivyosukuma gitaa lako chini ya kitanda. Wiki iliyofuata hukuwepo.

Usichokijua ni kwamba zile kaseti hazikutupwa. Watu walizipenda hivyo hivyo zilivyo. Zilipita mkono hadi mkono, zikanakiliwa tena, na vijana ambao hawakuwahi kuwaona jukwaani wakaamini kwamba huo ndio ulikuwa mpango wenu tangu mwanzo, kwamba kuna watu wanne duniani wenye subira ya kupiga gitaa mara moja na kuliacha lilie mpaka lichoke lenyewe. Mmoja wao leo ana studio yake, ni mwanamke mwenye miwani minene na maneno machache. Yeye ndiye aliyewatafuta wenzako mmoja mmoja akawaambia warudi.

Wakarudi! Ungewaona, Kaka, ungewapenda upya. Mpiga gitaa mwenzako siku hizi ni fundi bomba, anaingia studio na buti zenye matope, anafuta mikono kwa adabu kabla ya kugusa nyuzi. Mpiga dramu ni mwokaji mikate, amenenepa mpaka kiti cha dramu kinalalamika. Kengele anafundisha hesabu na kichwa chake hakina unywele hata mmoja. Mimi nilikuwa nakwenda kila jioni baada ya kazi. Kwanza nilipeleka gitaa lako, nikaambiwa nikae, na tangu hapo nikawa mtu wa chai na vikombe.

Siku za mwanzo walipiga nyimbo zile kwa kasi yenu ya zamani, na walizipiga vizuri. Mwenye studio alisikiliza, akavua miwani, akaomba radhi, akasema kwamba hiyo ni bendi nyingine. Akawawekea kaseti yenu. Kumbe Kengele hakuwahi kuisikiliza hadi mwisho tangu siku ile ya dukani! Alisikiliza wimbo wa jitu lililobeba mlima kwenda kumfukia adui yake, likatembea mpaka likasahau pa kuutua. Ulipokwisha, alisema kwamba kwa kasi yao ya zamani jitu lile lilikuwa linakimbia na mlima kama mtu anayewahi basi, na kwamba kwenye kaseti, kwa mara ya kwanza, mlima una uzito. Fundi bomba aliangalia buti zake. Mwokaji akapenga kamasi.

Wakaanza kujifunza upya, safari hii wakiwafuata wale watu wa kwenye kaseti. Usidhani ni kazi rahisi. Kwenda mbio kila mtu anaweza, lakini kumngojea mwenzio kwa pamoja, wote mkiwa mmeinua mikono na hakuna anayeiteremsha mapema, hiyo inataka watu wanaoaminiana. Mwokaji aliharibu mara nyingi mpaka akatukana dramu. Mwisho akagundua kwamba anapaswa kuvuta pumzi na kuishusha yote kabla ya kila pigo. Walipoipata ile sauti, sakafu ilitetemeka na vikombe vyangu vikatembea juu ya meza. Nilisimama mlangoni nikijivuna kana kwamba nimewazaa mimi.

Ila Kengele alikwama. Umri umemnyang'anya nywele ukamwachia sauti ile ile nyembamba. Alijaribu kifua, akajaribu tumbo, akanywa vitu vya kila aina mpaka nikamhurumia, lakini chini kule hakufika. Mwenye studio akamwambia kwamba anaweza kuishusha sauti yake kwa mashine, kitufe kimoja tu. Kengele akakataa. Alisema mara ya kwanza ilikuwa ajali, ya pili itakuwa uongo. Na bila sauti ile albamu ilikuwa imekufa tena, wote walijua.

Kaka, hapa ndipo nilipotaka kufika.

Nilikuwa koridoni naosha vikombe. Ndani walikuwa wanapiga wimbo wa jitu bila mwimbaji, na mimi, kwa mazoea, nikaimba. Sikujua kwamba mlango uko wazi. Nilipogeuka nikamkuta Kengele amesimama na sweta yake ya kazini, ananitazama kama mtu aliyekutana na marehemu. Akaniuliza sauti ile nimeitoa wapi. Nikamwambia ukweli, ambao sijawahi kukuambia wewe. Uliponiacha nilikuwa mtoto, na katika nyumba ile kitu pekee kilichokuwa na sauti ya gitaa lako ndani yake kilikuwa kaseti moja, ile mbovu. Nikitoka shule nilijifungia chumbani nikaimba nayo, kila siku, miaka na miaka, nikidhani hivyo ndivyo watu wanavyoimba. Sauti yangu ikakulia humo.

Kengele alinivua aproni yeye mwenyewe akanisimamisha mbele ya maikrofoni. Niliimba nyimbo zote. Katika ule wa mwisho alikuja akasimama kando yangu, yeye juu na mimi chini, na sikuwahi kusikia mtu akiimba kwa unyenyekevu mzuri namna ile.

Anakusalimu sana. Anasema kosa moja haliachi mke, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haraka siku ile. Kwenye jalada wameandika nani alipiga gitaa, nani alipiga dramu, nani aliimba. Juu kabisa, kabla ya hao wote, wameandika aliyeweka mwendo, na hapo pana jina lako.

Santuri yenyewe nimeifunga pamoja na barua hii ndani ya kitambaa cha pazia, isivunjike. Iweke, Kaka, hata mara moja tu. Na sauti ikianza, usiinuke kwenda kukagua mashine. Mashine ni nzima. Huyo ni mimi.

Mama anakubusu, anasema kichwa bado kinamuuma lakini ameisikiliza mara tatu. Msalimie wifi, wabusu wanangu, na ulitunze hilo goti. Gitaa lako limewekwa nyuzi mpya, linakungoja.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba