Baba Mkwe Juu ya Madigadi

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, na naomba usinicheke mpaka ufike mwisho, maana mume wangu akisoma safu yako ataijua hii barua hata nikificha jina, kwa sababu hakuna nyumba nyingine ninayoijua ambayo baba mkwe anatumika kama jiwe la mzani.

Sisi tuna shamba la matunda mlimani. Sisemi kilima, nasema mlima: ukisimama chini ukatazama miti ya juu kabisa, kofia inadondoka. Mume wangu anachimba visima na huwa nyumbani siku chache tu kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo trekta naendesha mimi, trekta dogo la nguvu za farasi thelathini tulilonunua mkononi kwa mtu, na nyuma yake tunafunga mashine ya kukatia nyasi kati ya mistari ya miti. Mwaka jana matairi yaliisha meno, nikaenda kwa fundi wa matairi, akanionyesha mapya, marefu kidogo kuliko ya zamani, yenye vijimeno vifupi vilivyopangwa kama punje za mahindi, akasema haya hayatakuchubulia nyasi, nami nikayapenda kwa macho kabla sijauliza lolote. Alipofungua yale ya zamani ya nyuma, yakamwagika maji. Maji mengi, mshauri, yalitiririka mpaka mlangoni tukawa tunarukaruka, fundi akacheka akasema aliyekuuzia alikuwa na akili fupi, tairi ni la upepo, maji ya nini, tena yanaozesha rimu, nami nikacheka naye, nikarudi nyumbani nikawasimulia wote kama kichekesho.

Tangu siku hiyo trekta likawa jepesi. Nikipanda, mbele kunainuka, usukani haushiki. Nikikata nyasi kwa kuambaa mteremko, bila kupanda wala kushuka, linateleza kiubavu kila umande unapokuwepo, na mimi nikawa nakaa kitako upande mmoja kama mtu mwenye jipu.

Sasa baba mkwe. Alikuwa mhunzi, mtu mwenye jina lake, lakini watu walipoanza kununua mageti ya kiwandani akafunga karakana, akakaa miaka miwili kwenye kiti cha varanda akitazama ukuta. Ana kilo mia na kumi na hakupungua hata moja, alichopungukiwa ni maneno. Siku moja alinitazama nikihangaika kule juu, akapanda taratibu mpaka nilipo, akakaa juu ya madigadi, lile bati la juu ya gurudumu la nyuma, upande wa mlimani, akashika chuma cha taa na kusema, "Twende." Na trekta likatulia, mshauri, likatulia kama limeambiwa na mwenyewe.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Tukifika mwisho wa mstari nasimama, anashuka, anazunguka, anapanda madigadi ya pili, kwa sababu tukigeuka upande wa juu nao unahama. Mistari arobaini, anashuka na kupanda mara arobaini, na ukimpa mkono anakasirika. Watoto wa wifi yangu wakamwita Kilo Mia, naye akaanza kujitaja hivyo hivyo kwenye simu. Mama mkwe ananiambia tangu apande trekta mzee amerudi kula kwa hamu, na amerudi kubishana, ambalo kwake ndilo kubwa zaidi. Na sijui nikueleze vipi yule mzee anavyousikia mlima. Anausikia kwa mapaja. Kabla mimi sijahisi kitu, yeye ameshaegemea, na punde baadaye naona jiwe au bonde alilokuwa analiegemea. Nimeendesha mwaka mzima nikimstaajabia.

Siku kumi na mbili zilizopita, asubuhi, nyasi bado zina umande, tulikuwa mstari wa tatu kutoka juu. Upinde wa chuma wa nyuma ya kiti tulikuwa tumeulaza, tunaulaza siku zote maana unagonga matawi. Gurudumu la chini likatumbukia kwenye shimo la mti tuliowahi kung'oa, nyasi zilikuwa zimelifunika, na gurudumu la juu likaachana na ardhi. Nililiona kwa jicho la pembeni, tairi zima jipya, likizunguka hewani polepole huku vijinyasi vikidondoka kutoka kwake, na injini sikuisikia tena ingawa ilikuwa inanguruma. Baba alikuwa upande wa juu. Angeweza kuruka. Ilikuwa hatua moja tu mpaka kwenye nyasi, angesimama pale salama akatutazama mimi na trekta tukibingirika hadi barabarani. Alichofanya ni kushika chuma cha taa kwa mkono mmoja na kuutupa mwili wake wote nje kuelekea mlimani, akalala hewani, kofia ikamtoka, na lile gurudumu likabaki pale pale, halipandi, halishuki, sijui kwa muda gani, halafu likaanza kushuka taratibu kama mtu anayeweka sahani mezani.

Akasema, "Geuza usukani kushuka, mwanangu. Polepole." Nikageuza. Tulipofika pa sawa nikazima, nikarudi kuokota kofia yake, nikampa, akaipangusa, tukaenda nyumbani. Hatujalizungumza mpaka leo, na mume wangu sijamwambia.

Dhambi yangu ni hii. Nimechomoa waya wa betri, nimesema trekta limeharibika. Leo ni siku ya tisa. Kila asubuhi Baba anavaa buti, anakaa ngazini, ananisubiri. Juzi akauliza fundi wa nini wakati yeye yupo, akafungua kichujio cha dizeli, akakisafisha mpaka kikang'aa, nami nimesimama pembeni namshikia spana, nimejaa aibu mpaka masikioni. Ni mtu wa kufuata hatua, kwenye betri atafika. Na nyasi zimefika magotini, matunda yakianza kuanguka hatutayaona.

Naomba uniambie nifunge tairi gani, uzito gani, niuweke wapi. Na nikishaufunga, nimwambie nini mtu niliyembadilisha kwa chuma? Nikimshusha pale, namrudisha kwenye kile kiti. Nikimwacha pale, siku moja atakaa hewani na gurudumu halitashuka.

Ni mimi,
Mkwe wa Kilo Mia

*

Mkwe wa Kilo Mia, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama. Kabla ya kupewa safu hii nilifundisha watu kuendesha matrekta kwa miaka kumi na tisa, na nimeshaona trekta likiwa chali, magurudumu juu, bado yanazunguka. Sijawahi kusikia habari ya mtu aliyelirudisha chini kwa mwili wake. Nimekaa na jambo hilo siku mbili. Pole sana, na umefanya vyema kusema, mficha uchi hazai. Sasa kaa nikugombeze.

Yule aliyekuuzia trekta hakuwa na akili fupi. Maji yale ndiyo yaliyokuwa yanakushikilia mlimani, na mlisimama mlangoni mkicheka yakienda zake. Tairi la nyuma la trekta kama lako linakunywa ndoo saba za lita ishirini. Piga hesabu ya mawili, utapata kilo karibu mia tatu, baba mkwe wako wawili na nusu, tena wamelala chini kabisa karibu na ardhi, mahali ambapo uzito unatuliza trekta. Mzee wa watu ulimkalisha juu, palipo pabaya kuliko pote. Trekta likiruka jiwe moja tu anateleza, na anapotua ni mbele ya gurudumu la nyuma. Kwa mwaka mzima mlikuwa mnategemea mapaja yake, na mapaja nayo yanazeeka.

Na ule upinde wa chuma! Umeutaja kama mtu anayetaja kwamba alisahau chumvi. Upinde ule ndio unaobaki kati yako na ardhi trekta likipinduka. Usimamishe leo, ufunge pini, na ufunge mkanda kiunoni kila unapokaa. Matawi yakigonga, kata matawi. Yataota mengine, wewe huoti.

Kuhusu matairi, usiache mbachao kwa msala upitao. Hayo uliyoyapenda kwa macho ni ya bustani tambarare. Rudi kwenye saizi ile ile ya zamani, maana tairi refu linainua trekta zima na kulifanya jepesi kupinduka, na uchukue ya meno marefu ya mshazari, yanayouma udongo chini ya nyasi zenye umande. Yatachubua nyasi kidogo. Vumilia. Fundi ayafunge meno yakielekea upande unaotakiwa, na umwambie aweke tyubu ndani, maji hayataigusa rimu. Kuhusu kuoza kwa rimu alikuwa na haki nusu. Mdomo wa kujazia upepo uwe juu, ajaze maji mpaka robo tatu, iliyobaki iwe upepo. Kama rimu zako zinakubali kugeuzwa, azigeuze ili magurudumu ya nyuma yakae mbali zaidi, kwa sababu trekta ni kama mtu, likitanua miguu halisukumiki ovyo.

Mbele kunainuka kwa sababu mashine ya nyasi inaning'inia nyuma. Ning'iniza vyuma mbele, chini, kwenye bamba la mbele, uongeze kidogo kidogo mpaka usukani ushike, na usizidi kipimo cha kitabu cha trekta. Mashine yenyewe iteremshe karibu na ardhi unapotembea. Na acha kuambaa mteremko. Miti imepandwa kwa kuambaa, najua, lakini pale penye ukali zaidi kata kwa kupanda na kushuka, na penye ukali kupita kiasi tumia fyekeo. Ukishuka, weka gia ndogo ukiwa bado juu, na usikanyage klachi njiani hata ukisikia malaika wanakuita. Umande usubiri ukauke. Nyasi zimesubiri siku tisa, hazitakufa kwa saa mbili.

Sasa Baba. Unauliza utamwambia nini mtu uliyembadilisha kwa chuma. Mwanangu, una mhunzi nyumbani unatafuta chuma nje! Rimu zile za nyuma zinahitaji sahani nzito za kufunga kwa bolti, mbili, na mbele unahitaji vyuma vya kuning'iniza. Nani atavipima, nani atavikata, nani atatoboa matundu yakakaa sawa? Mwambie afungue karakana. Mpeleke kwenye mzani mnaopimia makreti ya matunda, apande, asome mwenyewe, halafu hizo sahani mbili kwa pamoja zilingane na yeye kilo kwa kilo. Watoto waandike Kilo Mia kwa rangi nyeupe juu ya kila moja. Mlima utaendelea kumbeba, ila yeye atakuwa amesimama salama.

Na asubuhi avae buti zake kama kawaida. Hakuna chuma kinachousikia mlima. Atangulie na fimbo, mstari kwa mstari, kabla hujawasha injini, achome kijiti chenye kitambaa penye kila shimo na kila jiwe. Lile shimo lililokuwa liwaue lifukieni kwanza. Ukianza kukata, yeye asimame upande wa juu wa trekta, mbali, kamwe asiwe chini yake, akiinua mkono wewe unasimama bila kuuliza kwa nini. Hiyo ni kazi kamili, na hakuna mwingine hapo kwenu anayeiweza.

Mumeo mpigie simu kabla mzee hajaigusa betri. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imebakiza spana moja.

Lakini lipo moja la kutangulia yote haya. Umenieleza mimi, nisiyekujua, jinsi gurudumu lilivyokaa hewani na jinsi alivyolala upande wa mlima. Yeye ulimpa kofia. Siku zote hizi mzee anakaa ngazini na buti zake, hajui kama ulikuwa na nafasi ya kuona alichofanya au ulikuwa unatazama usukani. Nenda jioni ya leo, ukae ngazi ile ile. Mwambie kuhusu waya, uombe radhi. Kisha umwambie, "Baba, siku ile niliona kwamba hukuruka."

Halafu nyamaza, umwache ajibu.