Pamba kwenye vifuniko

Mwenzangu, mama amechomoa pamba kwenye vifuniko vya chupa zangu za mbegu za uyoga. Mama!

Vile vifuniko nilivyotoboa kwa msumari, nikaziba matundu kwa pamba ili mbegu zipate hewa bila vumbi. Sasa zitaoza tu.

Nimemkuta kaketi sakafuni, pamba zimemjaa mapajani. Mimi huyu nisiye na sauti nikapiga kelele, “Mama, umeniua!”

Hata hakukasirika. “Umezitia pamba kama walivyomtia baba yako puani.”

Nikamwambia, “Mama, hiyo ni ya kupumulia.”

“Mbona yeye hakupumua?”

Mbona yeye hakupumua!

Ilikuwa imebaki chupa moja. Nikaichomoa pamba yake mimi mwenyewe, nikamwekea mkononi.