Ng'ombe wa Mzee Jens

Ijumaa, 17 Januari 2025

Posa imeharibika! Mikkel wangu, aliyesilimu mwaka jana, kamleta baba yake kutoka Denmaki mpaka hapa kwetu Mawaleh, huku Uarabuni, kuniposa. Mimi na Bibi Mahbuba tulikuwa nyuma ya mlango wa majlis ya wageni, masikio wazi. Ami Nasr — ndugu yake Baba, ndiye walii wangu wa kuniozesha tangu Baba afariki — akauliza kwa Kiingereza: mzee Jens, una pingamizi lolote mwanao kuoa kwetu? Mzee akatabasamu. Akajibu: hakuna ng'ombe kwenye barafu.

Hapo hapo Ami akawaka. Eti sisi si watu wa kuozesha kwa ng'ombe, tumetoka Unguja na mahari yetu tunaijua! Wageni wakatoka hata halua hawajaigusa. Nimelia mpaka macho yamevimba.

Jumamosi, 18 Januari

Mikkel kapiga simu. Baba yake mpaka sasa hajui kakosea wapi. Kumbe ni msemo wao: hakuna la kutia wasiwasi. Umetoka wapi? Kwa wakulima wa zamani, kasema. Ziwa likiganda, ng'ombe hulikanyaga, barafu ikapasuka, akazama na riziki ya nyumba nzima. Msemo wenyewe huendelea: hakuna hofu maadamu matako yake yako nchi kavu. Nani aliuanza, hawana hakika. Waswidi nao wanao.

Nimecheka peke yangu. Lakini nani wa kumwambia Ami? Huyo akisema kasema.

Jumapili, 19 Januari

Nimemwambia Bibi, mama yake Ami. Yeye kachunga ng'ombe utotoni, kijijini Donge, Unguja. Hakucheka hata kidogo.

“Mtu katwambia hana wasiwasi na sisi, nasi tumemtoa mbio? Nna haya mie! Mwite Nasr.”

Ami kaja kafura. Akajitetea: mtu mzima akija kuposa aseme waziwazi.

“Nawe ulipokwenda kumposa mkeo,” Bibi akamkata, “hukusema umeona ua kwenye nyumba ile? Walikufukuza, wakakwambia wao hawauzi maua?”

Ushindi! Ami kanywea, kaomba namba ya Mzee Jens. Nilitaka kupiga vigelegele, nikajiuma ulimi.

Sasa hivi yuko ukumbini, simu sikioni, Bibi kamsimamia mbele. Naandika huku nimesimama. Inaita. Ami anakohoa, anapanga Kiingereza chake. Mzee Jens kapokea! Ami anamwita “ndugu yangu” —