Mlango wa Ndugu Wawili

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa Mama.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Vipi lile bega, bado linakusumbua tangu uanze kazi ya ghalani? Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua lakini ulimi uko imara, na anayesemwa zaidi ni wewe usiyepiga simu. Mimi nimekonda, eti. Anasema hivyo huku akiniongezea chakula.

Nimekukumbuka sana, nisikufiche.

Sasa habari za gemu letu. Ulipoondoka tulikuwa tumefika mlango wa mwisho, ule usiofunguka mpaka ndugu wawili wakanyage mawe yao kwa pamoja. Nimelimaliza, mimi na binamu yetu Msumari, ambaye bado ni mwembamba, na akishikilia neno bado hang'oki.

Tulilipeleka kwa wenye konsoli, ile ya kuchomeka kwenye runinga uliyoipenda. Unawajua: kila gemu lazima wakaguzi wao walicheze kwanza. Wakaturudishia. Walisema mchezaji akiwa peke yake anakwama mlangoni. Kaka, nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha kicheko kikaisha machozi yakabaki. Muda wote ule tuliokaa kwenye kochi moja tukilitengeneza, hakuna kati yetu aliyewaza kwamba kuna mtu atacheza peke yake.

Msumari akasema tuachane nao. Anasema konsoli inatuchosha bure sisi wadogo: usubiri wakukubali, usubiri mashine yao ya majaribio, na ukirekebisha kosa dogo tu unarudi kwenye foleni ya ukaguzi. Kwenye kompyuta unaliweka mwenyewe. Kosa likionekana asubuhi, mchana umeshalimaliza. Tena watu wanaweza kucheza kwa mtandao, kila mtu na kwake. Alisema kweli tupu, na hilo ndilo lililoniudhi.

Maana mimi niling'ang'ania konsoli. Nilimwambia mashine zake zote zinafanana, gemu likikubali kwenye moja limekubali kwenye zote. Nikamwambia pia kwamba konsoli ni ya sebuleni: padi mbili za kuchezea, runinga moja, watu wakisukumana viwiko.

"Wewe dada hutafuti konsoli," akasema. "Unamtafuta kaka yako."

Nilimfukuza chumbani. Alirudi baadaye na chai, hakuligusia tena.

Nilijaribu walivyotaka wakaguzi, mashine imwendeshe ndugu wa pili. Akaenda vizuri, moja kwa moja mpaka kwenye jiwe. Hakuruka ovyo, wala hakunisukuma mtoni makusudi ili anicheke. Nikamfuta.

Na mtandao sikuutaka, Kaka, kwa sababu niliona kuuweka ni kukubali kwamba hurudi. Mama kila akifagia anaifuta padi yako na kuirudisha upande wako wa kochi. Hakuna anayekaa pale, hata wageni wanasogezwa. Juzi nikakaa mimi. Nikashika padi zote mbili, moja huku na moja kule, nikajaribu kuufungua ule mlango. Nilijaribu sana. Vidole havikutosha.

Basi nimekubali. Gemu linaanza kwenye kompyuta, na mtandao nimeuweka kwa mikono yangu. Konsoli tutairudia siku ukiwa hapa. Ile kompyuta yako kuukuu inaliweza, nimelipunguza uzito kwa ajili yake. Nimekutumia pamoja na barua hii, hatujampa mtu mwingine yeyote. Jumapili ijayo ukitoka kazini lifungue, nitakuwa nimeshaingia.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri. Shangazi naye anakusalimu, pamoja na Msumari, anayedai kwamba siku hizi ananishinda, usimwamini. Mungu akulinde kazini na njiani, alipoze hilo bega, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
niliyesimama kwenye jiwe la kushoto.